Nani Kaikatalia Seva?

Mafundi wengi ninaowajua, seva ya hifadhidata ikigoma kuwaka, wazo linalowajia kwanza ni kuifuta na kuisakinisha upya. Tabia hii tumeitoa kwenye Windows, enzi za kutembea na mfuko wa sidii: kompyuta ikisumbua, piga fomati, weka upya, mteja alipe, maisha yaendelee. Kwa kompyuta ya dukani dawa hiyo ilitibu mara nyingi mno hadi ikawa imani. Kwenye Linux imani hiyo haifiki mbali, na sababu zake ni za kiufundi tu.

Chukua Debian. Ukiamuru apt remove kwa seva ya MariaDB, programu zinaondoka lakini faili za mipangilio zinabaki pale pale, ndani ya /etc/mysql. Ukisakinisha tena, programu mpya inazikuta, inazisoma, na inagoma palepale ilipogomea ya mwanzo. Fundi akishapandwa na hasira anafuta folda nzima ya /etc/mysql kwa mkono. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kweli, kwa kuwa dpkg, programu inayopanga vifurushi chini ya apt, inamheshimu mwenye mashine: faili la mipangilio ulilolifuta wewe mwenyewe hailirudishi, inachukulia ulikusudia. Usakinishaji unaofuata unakwama katikati kwa ujumbe mwingine kabisa, usiohusiana na tatizo lililokuleta. Sasa una matatizo mawili, na moja umelizaa wewe.

Ipo pia apt purge, inayoondoa hadi mipangilio. Hiyo huuliza swali moja kwa upole kwenye skrini ya bluu: hifadhidata zenyewe nazo zifutwe? Nimeona kidole kikienda kwenye ndiyo huku macho yako kwenye simu.

Muda unaopotea kwa kufuta ni hasara ndogo. Hasara yenyewe ni kwamba unafuta na ushahidi. Seva iliyogoma imeshaandika mahali fulani ni kitu gani kilichoikwamisha, au kama haikuandika yenyewe, mwingine ndani ya mashine ameandika kwa niaba yake. Kazi ya fundi ni kumtafuta huyo aliyeandika. Na kitu nilichokuja kukigundua taratibu, kazi baada ya kazi, ni kwamba anayelalamika kwenye skrini mara chache ndiye aliyekataa. Tunamhoji mlalamikaji, tunamfukuza, tunamrudisha, na aliyekataa amekaa pembeni kimya, wala hajaulizwa.

Jambo hilo sikuwahi kuliona wazi kama nilivyoliona kwenye maktaba ya chuo kimoja cha ualimu, Nyanda za Juu Kusini, mwezi wa Juni, wakati ule ambao huko watu wanashinda na makoti ndani ya ofisi. Chuo kilikuwa kinaachana na katalogi ya kadi na kuhamia Koha, mfumo wa maktaba usio wa kununua. Koha ilizaliwa New Zealand mwaka 1999, maktaba za Horowhenua zilipoona mfumo wao wa zamani hautavuka salama kuingia mwaka 2000. Ikaanza kazi Januari ya mwaka huo, na tangu hapo imeenea hadi kwenye maktaba zisizo na bajeti ya leseni. Chini yake inahitaji hifadhidata, na kwenye Debian hiyo ni MariaDB.

Mkutubi alikuwa mama mtu mzima ambaye chuo kizima, hadi mkuu wa chuo, kilimwita Mama Maktaba.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Karibu. Huyu mwanangu hapa hajalala, na mashine bado inakataa.”

Mwanangu alikuwa kijana wa TEHAMA wa chuo, mkimya, macho mekundu. Akanisogezea kiti. “Kaka, nimeifuta na kuirudisha mpaka nimechoka. Sasa nataka nianze na Debian yenyewe, nipige fomati diski nzima.” Nikamwomba asubiri kidogo, na anieleze mashine ilivyogawanywa.

Maelezo yake yalikuwa mazuri, na nataka niyaseme kwa haki kwa sababu kijana yule alikuwa amefikiri. Wakati wa kusakinisha Debian 10, alichagua ule mgawanyo wa diski unaotenga /home, /var na /tmp kila kimoja na sehemu yake. Mgawanyo huo huipa /var nafasi ndogo na kumwaga karibu diski yote iliyobaki kwenye /home. Hifadhidata ya MariaDB hukaa /var/lib/mysql, na Koha kila usiku hutupa bekapu zake kwenye /var/spool/koha. Kijana akapiga hesabu, akaona /var itajaa kabla mwaka haujaisha. Akafanya jambo la busara: akaunda /home/mysql, akanakili data yote humo, akaikabidhi kwa mtumiaji anayeitwa mysql, akabadilisha mstari wa datadir kwenye faili la 50-server.cnf. Akaamuru huduma iwake. Ikagoma.

Nikaamuru journalctl -u mariadb. Katikati ya mistari mirefu ya kawaida palikuwa na mmoja uliosema kwamba imeshindikana kuunda faili la majaribio ndani ya /home/mysql, na mwisho wake Errcode: 13. Namba hizo hazitoki kwa MariaDB. Zinatoka kwa kiini cha Linux, na maana zake hazibadiliki kutoka programu moja hadi nyingine: 2 ni kitu hakipo, 13 ni huna ruhusa, 28 ni diski imejaa. Seva yenyewe huja na kiprogramu kidogo kiitwacho perror. Ukikipa namba kinakutajia maana yake, na sijui kwa nini hakifundishwi siku ya kwanza.

Basi 13, huna ruhusa. Kijana alishaliona hilo, ndiyo maana alikuwa amepiga chmod 777 kwenye folda. Ni kama kuvua mlango bawaba kwa sababu ufunguo umekataa, lakini hata hivyo haikusaidia, na kule kutosaidia ndiko kulikonifurahisha. Kama mlango umevuliwa na mtu bado anasema haingii, basi kinachomzuia si mlango ule.

Nikajivika utambulisho wa mysql na kujaribu kuandika kwa mkono: sudo -u mysql touch /home/mysql/jaribu. Faili likaundwa bila neno. Kijana akasogea karibu na skrini. Mtumiaji yuleyule, folda ileile, mashine ileile. Kwa mkono anaandika, kwa huduma anakataliwa.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa AppArmor, yule mlinzi anayezipangia programu ni faili gani ziguse. Debian 10, iliyotoka mwaka 2019, ndiyo ya kwanza katika ukoo wa Debian kumwajiri bila kuulizwa. Kwenye Ubuntu yenye MySQL ningeanza na kumaliza kwake: ukihamisha data kule bila kumwarifu, anakataa, na kwenye dmesg unakuta neno DENIED pamoja na njia ya faili iliyokataliwa. Lakini kwenye Debian, kanuni zake kwa MariaDB zimeachwa tupu kwa makusudi, na dmesg yetu ilikuwa safi. Huyu hakuhusika.

Akabaki yule anayeiwasha huduma yenyewe, systemd. Amri ni systemctl cat mariadb. Inakuonyesha hati ambayo systemd anaifuata kila anapoiwasha seva. Ni ndefu, imejaa maelezo, na watu huipita haraka kama masharti ya benki. Tukaisoma mstari kwa mstari, kijana akisoma kwa sauti. Alipofika ProtectHome=true akanyamaza. Juu ya mstari huo palikuwa na maelezo mafupi: kuzuia kuingia /home, /root na /run/user.

Kinachotokea ni hiki. systemd anapoiwasha MariaDB anaipa mwonekano wake peke yake wa faili za mashine, na katika mwonekano huo /home imefungwa. Haijalishi folda ni ya nani wala ina 777 ngapi, huduma haioni kilichomo. Mimi niliyeingia kwa skrini nyeusi kama mtumiaji wa kawaida naiona /home wazi. Seva, yenye utambulisho uleule, inaona ukuta. Ndiyo maana kwa mkono ilikubali.

Mama Maktaba, aliyekuwa akibandika lebo za msimbomilia kwenye vitabu meza ya pili, akauliza kama imekubali. Nikamwambia bado, ila tumempata anayekataza. Nikamweleza kwa kifupi. Akaweka kitabu chini.

“Kwa hiyo mashine nzima, na huyu mtoto kila siku anaichinja?”

“Nzima kabisa mama.”

“Haya. Na huyo anayekataza, anakataza kwa nini?”

Lilikuwa swali ambalo sisi wawili hatukuwa tumelifikia, na ni swali la haki. Wanaoitengeneza MariaDB wanaona seva ya hifadhidata haina shughuli yoyote ndani ya nyumba za watumiaji. Siku mtu akiipenya kupitia tundu fulani, katazo lile linamzuia kusoma funguo za SSH na nyaraka za watu zilizolala /home. Ni ulinzi mzuri. Kijana, ambaye njaa ilikuwa imeanza kumuuma, alitaka tuandike false, tuwashe huduma, tukale. Njia ipo na ni halali: systemctl edit mariadb, andika mistari miwili, basi. Mimi nilikataa, na tulibishana kidogo kwa heshima. Sipendi kumfukuza mlinzi kwa sababu mimi ndiye niliyepanga vyombo mahali pabaya. /home ya mashine ile ilikuwa karibu tupu. Hakuna mtu anayeishi kwenye seva ya maktaba. Tukahamisha vifaili vichache vilivyokuwemo, tukabadilisha mstari mmoja kwenye /etc/fstab ili sehemu ile kubwa ya diski ifunguke kwenye /srv, tukaelekeza datadir huko, tukairudisha ruhusa ya folda kutoka 777 hadi 700. Huduma ikawaka. Chakula cha chuo kilikuwa kimeisha, Mama Maktaba akatuma chapati.

Baada ya hapo nikaanza kuuona mtindo uleule kila nilikokwenda, sura tu ikibadilika.

Kuna jamaa alikodi seva ndogo ya mtandaoni, ya MB 512, bei ya chini kuliko zote, akaiwekea MySQL 8 kwa ajili ya duka lake la viatu. Usakinishaji ulikwenda vizuri, huduma ikawaka, ikafa. Logi ya MySQL ilikatika ghafla, haina kosa hata moja. Alinitumia picha yake akisisitiza kwamba programu ni mbovu. Lakini aliyeuawa hawezi kuandika taarifa ya kifo chake. Taarifa ilikuwa kwa systemd, status=9/KILL, na kwenye dmesg kiini cha mfumo kilikuwa kimeandika waziwazi kwamba memori iliisha kikalazimika kuua mchakato mmoja, na mkubwa kuliko wote alikuwa mysqld. Tukampa faili la swopu la GB 1, tukazima performance_schema, tukapunguza innodb_buffer_pool_size chini ya ile MB 128 inayokuja nayo. Ilitosha. Kama unanunua leo, nunua GB 1 kwenda juu na uokoe mchana wako.

Kuna ofisi nyingine ambako umeme ulikatika usiku na seva haikuwa na UPS. Asubuhi hifadhidata ikawa haiwaki, mtu anaiwasha, inafia njiani, anaiwasha tena. InnoDB, ile injini inayotunza data ndani ya MariaDB na MySQL, ikifa ghafla hujitibu yenyewe ikiwaka: inasoma logi yake ya miamala na kurudia yale ambayo hayakufika kwenye faili za data. Kazi hiyo kwenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua dakika nyingi. systemd naye, kama hakuagizwa vingine, huipa huduma sekunde 90 itangaze kuwa iko tayari, ikipitiliza anaiua. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa anaanza kupona, anauawa, anaanza upya. Mtu mmoja pale alikuwa ameshasoma mahali kwamba dawa ni kufuta faili la ib_logfile0, yaani kutupa hasa ile logi ambayo injini inajitibia. Ilibidi nimshike mkono. Tulichofanya ni kuongeza TimeoutStartSec, kuiwasha, na kukaa mbali na kibodi. Ilichukua muda, tukanywa chai, ikasimama.

Halafu lile la root, ambalo nadhani limewapotezea vijana wa Afrika Mashariki saa nyingi kuliko mengine yote. Mafunzo ya PHP tuliyokulia yote yanaanza na root na nywila yake. Mwanafunzi anasakinisha MariaDB kwenye Debian au MySQL kwenye Ubuntu, anaandika nywila, anapata kosa 1698, huruhusiwi kuingia. Anaibadilisha nywila, jibu lilelile. Tangu Debian 9 ya mwaka 2017, root wa MariaDB haulizwi nywila kabisa. Seva inamtazama mtu aliyepo upande wa pili wa soketi ni nani kwenye mfumo. Akiwa ni root wa Linux anapita, mwingine yeyote hapiti, awe na nywila au asiwe nayo. Ubuntu hufanya vivyo hivyo kwa MySQL usipompa root nywila. Ni mpango bora kuliko wa zamani, kwa sababu hakuna nywila ya kubandikwa kwenye karatasi ukutani. Programu yako ya PHP iundie mtumiaji wake, umpe hifadhidata yake moja tu, uachane na root. Wanaorudisha mfumo wa zamani ili mafunzo yao ya zamani yafanye kazi, siwaelewi.

Debian 9 hiyohiyo ndiyo iliyoleta mkanganyiko mwingine: ulipoomba kifurushi cha MySQL cha siku zote, uliletewa MariaDB. Ukoo wao ni mmoja. Michael Widenius, mwanzilishi mwenza wa MySQL kutoka Finland, aliiita programu yake kwa jina la binti yake, My. Kampuni ikauzwa kwa Sun mwaka 2008, na Sun yenyewe ikamezwa na Oracle mwaka 2010. Widenius hakusubiri, mwaka 2009 alishalichukua tawi la msimbo ule na kulipa jina la binti yake mdogo, Maria. Kwa fundi kinachohusu ni kwamba ndugu hawa wametengana zamani sasa, na dawa ya mmoja si lazima imfae mwenzake. Kabla ya kufuata maelekezo ya mtu yeyote, mysql --version ikwambie uko kwa nani.

Siku hizi wakinipigia simu siulizi wamefanya nini. Namwambia mtu anisomee mstari wa logi, neno kwa neno, pamoja na namba ya kwenye mabano. Mtu akisema seva imekataa kuunganishwa kupitia soketi, namba ile ikiwa 2 najua soketi haipo, labda seva haijawaka kabisa; ikiwa 13 ipo na kuna anayezuia; ikiwa 111 soketi ipo lakini hakuna aliye nyuma yake. Na kama amejaribu localhost ikashindikana, namwambia ajaribu 127.0.0.1, maana kwenye Linux mteja wa MySQL akiona localhost anapita kwenye soketi, na akiona namba anapita kwenye mtandao, poti 3306. Njia mbili, walinzi wawili. Wengi hukasirika kidogo wakiambiwa wasome. Wanataka amri.

Kijana wa Mama Maktaba alihama chuo, sasa yuko kwenye taasisi inayotumia PostgreSQL. Alinipigia baada ya kupandisha mashine kutoka Debian 11 hadi 12. “Kaka, usiniambie kitu, nisikilize tu,” akasema. Debian 11 ilikuja na PostgreSQL 13, 12 ikaja na 15. Alikuta zote mbili zipo hai: ya zamani imeshikilia poti 5432 na data yote, mpya iko tupu kwenye 5433, na programu ya ofisi haina habari, inaendelea kuongea na ya zamani. Aliziona kwa pg_lsclusters kabla hajagusa chochote. Aliitupa ile mpya tupu, akaihamisha ya zamani kwa pg_upgradecluster, mpya ikarithi 5432. Alichotaka kwangu ni ubishi mmoja tu: toleo 13 ambalo sasa limezimwa, alifute ili apate nafasi, au aliache?

Nikamuuliza kama bekapu ya jana ameshaijaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine.

“Nimeirudisha asubuhi. Jedwali zote zipo.”

“Basi futa.”

“Nilishafuta, nilitaka kusikia utasemaje.”